Jinsi ya kukata sampuli ya manyoya ya mbuzi na ng'ombe kwa kipimo cha madini: mwongozo kamili kwa wafugaji wa Mtwara na Lindi

Siku hizi wafugaji wengi huku kusini wanaulizia hiki kipimo cha madini kwa kutumia manyoya, na sababu inaeleweka, hakina sindano, hakitaki friji, bahasha inapanda basi Mtwara inafika Dar haijaoza, na mbuzi mwenyewe hata hajui amefanywa nini. Ila ndo sampuli inayoharibika kirahisi kuliko nyingi, na ubaya wake ikiharibika haionyeshi. Damu ikiharibika mtu wa maabara anaiona, manyoya machafu yanapimwa vizuri tu na majibu yanarudi yamechapwa na namba zenye desimali, kumbe umepimiwa vumbi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya haya ninayoandika ni usafi na maandishi, kukata kwenyewe ni dakika chache.

Unatafuta nini hasa?

Unywele unapoota chini ya ngozi unalishwa na damu, na madini yaliyokuwepo kwenye damu wakati huo yanashikwa ndani yake. Ukishatoka nje ya ngozi umekufa, kwa ndani haupokei tena kitu kutoka mwilini. Kwa hiyo damu inakupa habari za leo na jana, manyoya yanakupa habari za wiki na miezi iliyopita. Huo ndo uzuri wake.

Sasa kuna madini ambayo manyoya yanayaeleza vizuri kiasi na mengine hayaelezi kabisa. Zinki, seleniamu, manganizi, shaba kwa kiasi fulani, hayo sawa. Kwa sumu za metali manyoya ni mazuri zaidi: zebaki, arseniki, risasi. Kama mifugo yako inakunywa maji karibu na wachimbaji wadogo wa dhahabu, kwa mfano upande wa Ruangwa, na unajua zebaki inatumika pale kuoshea dhahabu, hapo manyoya ni chaguo la maana kweli. Vivyo hivyo mifugo inayozurura kwenye josho la zamani la enzi za mkoloni, maana zamani hizo dawa ya josho ilikuwa ya arseniki na arseniki haiozi, inakaa kwenye udongo.

Lakini kalsiamu, fosforasi, magnesiamu na chumvi ya kawaida usiulize manyoya. Ng'ombe anayetafuna mifupa na kulamba udongo huenda kapungukiwa fosforasi, na jibu lake lipo kwenye majani, udongo na damu, sio kwenye bahasha ya manyoya. Ukiona mtu anakuuzia "lishe kamili" kwa kusoma kalsiamu ya manyoya tu, achana naye.

Shaba ina mambo yake, na huku kwetu ndo inayoulizwa sana. Dalili zake wengi mnazijua: mbuzi mweusi anageuka rangi ya kutu, ng'ombe anakuwa kama kavaa miwani kuzunguka macho, kuharisha kusikoisha, vitoto vinazaliwa miguu ya nyuma inayumba. Rangi inapotea kwa sababu kimeng'enya kinachotengeneza weusi wa unywele kinahitaji shaba, ikikosekana weusi unakosekana. Ila ghala la shaba mwilini ni ini, na damu inaweza kuonekana nzuri tu wakati ini limeshabaki tupu. Kwa hiyo ukichinja, iwe Idi au harusi, kata kipande cha ini kama kiganja cha mtoto, weka kwenye mfuko safi, gandisha, kitakwambia mengi kuliko manyoya ya zizi zima. Manyoya ni ya wale ambao hutaki kuwachinja.

Kabla hujalaumu madini, lakini, mpime mnyama minyoo na mpime damu kuangalia ndorobo (nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o) na magonjwa ya kupe. Lindi yote hii kuanzia Kilwa, Nanjirinji, mpaka Liwale mbung'o wapo, na mnyama mwenye nagana anakonda, manyoya yanasimama, anapauka, ukimwangalia kwa macho tu utaapa ni madini. Mbuzi mwenye minyoo ya kufyonza damu naye hivyo hivyo. Kipimo cha kinyesi ni rahisi kuliko hiki, anza nacho.

Hii salfa ya mikorosho

Hapa nikae kidogo maana ukisoma miongozo ya nje huikuti. Kuanzia kama Juni mpaka Septemba Tandahimba, Newala, Masasi, Mtama, Nachingwea, watu wanapuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga), na chini ya mikorosho hiyo hiyo mbuzi wanakula majani. Kuna mambo mawili yanatokea.

La kwanza ni la tumboni. Salfa ikizidi kwenye chakula cha mnyama anayecheua, vijidudu vya tumboni (sio minyoo) vinaigeuza ikawa kitu kinachokamata shaba, shaba inapita na mavi bila kuingia mwilini, na kama majani au maji yana molibdenamu nyingi basi inakuwa mbaya zaidi. Yaani mbuzi anaweza kula shaba ya kutosha na bado akapungukiwa. Na salfa ikizidi mno inaleta hata upofu na mnyama kusukuma kichwa ukutani, kwa hiyo shamba likipulizwa leo usipeleke mbuzi kesho.

La pili ni la sampuli. Vumbi linakaa kwenye manyoya, na mtu akiona hivyo anasema basi tupime salfa kwenye manyoya tujue wamekula kiasi gani. Haisaidii. Unywele wenyewe kwa asili umejaa salfa, ni asilimia kadhaa ya uzito wake, kwa hiyo hutajua ipi ya mwilini ipi ya shambani. Salfa ipime kwenye majani. Manyoya tafuta humo shaba na zinki, na ukate wakati vumbi halipo au ufuate njia ya kunyoa na kusubiri ambayo nitaieleza chini.

Wanaolima nyanya na mboga nao wana lao, zile dawa za ukungu za bluu ni shaba tupu. Na mrututu pia ni shaba, ule wa kuwakanyagisha mbuzi wenye kwato mbovu. Mbuzi aliyepita kwenye beseni la mrututu halafu ukamkata manyoya ya miguuni, hapo umepima beseni.

Pigia maabara simu kwanza

Usikate kitu kabla hujaongea na maabara. Mtwara tuna kituo cha TVLA (wakala wa maabara za mifugo wa serikali), na pale Naliendele kuna watafiti wa mifugo wa TALIRI (taasisi ya utafiti wa mifugo), anzia hapo, hata kama hawapimi manyoya wenyewe watakuelekeza. Nje ya hapo watu huulizia chuo kikuu cha kilimo cha SUA Morogoro au kwa Mkemia Mkuu wa Serikali Dar. Waulize haya: mnapokea manyoya ya wanyama? Mnapima madini gani, na kwa mashine gani? (AAS inapima moja moja, ICP inapima mengi kwa mpigo, bei zinatofautiana.) Mnataka gramu ngapi? Mnaosha wenyewe kabla ya kuyeyusha kwenye asidi, na mnaosha kwa nini? Mna namba za kulinganishia za mbuzi au ng'ombe, au mnatoa tu matokeo makavu?

Hilo la kuosha usilione dogo. Maabara moja inaosha kwa asetoni, nyingine kwa sabuni maalum na maji yaliyosafishwa, na kila njia inatoa namba yake. Ndo maana ukianza na maabara moja baki nayo, kulinganisha majibu ya mwaka huu ya huku na ya mwaka jana ya kule ni kujisumbua.

Gramu: wengi wanatosheka na gramu moja, wengine wanataka mbili ili wabaki na ya kurudia. Gramu moja ya manyoya ni mengi kuliko unavyodhani, yanajaa kiganja. Kama huna kamizani ka sonara, chukua karatasi ya A4 ya kawaida ile ya gramu 80, nzima ina kama gramu 5, ikate robo, hiyo robo ni gramu moja na kidogo. Ning'iniza kijiti kwa uzi katikati, robo ya karatasi upande mmoja, bahasha ndogo yenye manyoya upande wa pili na bahasha tupu kama hiyo upande wa karatasi, kikilala sawa umepata.

Nani akatwe

Mnyama mmoja hasemi habari za zizi. Chukua walau watano wenye dalili na watano wazima wa zizi hilo hilo, umri unaokaribiana, jinsia moja ukiweza, wanaokula sehemu moja. Bila wale wazima huna cha kulinganisha, na hapa ndipo watu wanabana hela kimakosa, wanapeleka wagonjwa tu. Pesa ikibana omba maabara wachanganye manyoya ya wagonjwa watano wawe sampuli moja na ya wazima watano sampuli moja, unalipia mbili, bora hivyo kuliko wagonjwa watatu peke yao. Ila kila mmoja muweke kwenye bahasha yake, wachanganye wao kwa uzito sawa.

Rangi! Manyoya meusi na meupe ya mnyama yule yule hayana madini sawa, meusi mara nyingi yanabeba zaidi. Mbuzi wetu wengi ni madoadoa, basi amua, kama ni meupe basi meupe kwa wote, kama ni meusi meusi kwa wote. Kwa shaba mimi napenda meusi, au yaliyokuwa meusi yakageuka kutu, halafu naandika pembeni kwamba yamegeuka. Usichanganye kwenye bahasha moja.

Waruke wenye mimba kubwa na waliozaa juzi juzi, labda kama tatizo lenyewe ni la hao. Waruke pia waliopakwa dawa ya vidonda ya kupuliza, ile ya rangi ya fedha ina aluminiamu, na marhamu nyeupe nyingi zina zinki. Aliyeogeshwa dawa ya kupe napendelea wiki mbili zipite, sio kwa sababu ya dawa tu, yale maji ya josho yenyewe ni tope na mavi. Wa pwani, kama mnawaosha mbuzi baharini, acheni kwanza.

Vifaa

- Mkasi wa stenlesi wenye ncha butu, mpya au usio na doa la kutu. Ule wa kukatia majani na waya hapana. Kama unapima kromiamu au nikeli, stenlesi nayo inazo, hapo waulize maabara wanataka nini.
- Bahasha nyeupe za karatasi, mpya. Sio mfuko wa rambo, na joto la huku manyoya yenye jasho yataota ukungu humo.
- Glovu zisizo na unga. Za mpira wa kawaida zina zinki, kwa hiyo ukipata za nitrili ni bora.
- Spiriti na pamba, na maji ya betri yale ya kuongezea (sio asidi!) kwa kusuuzia mkasi.
- Kitana kipya cha plastiki, uzi mweupe wa pamba, rula, penseli, daftari.

Pini za stepla na raba bendi usizilete karibu, pini ni chuma na raba bendi imetengenezwa na zinki ndani yake. Vua pete na bangili. Na kama umejipaka mafuta ya ngozi asubuhi nawa mpaka kwenye viwiko, mafuta mengine yana zinki.

Kumwambia mwenye mifugo

Kama mifugo sio yako, hii hatua ni kubwa kuliko mkasi. Mtu mgeni anakuja zizini anakata manyoya anayafunga kwenye karatasi anaondoka nayo, kwetu huku hiyo ina maana nyingine kabisa, na mbuzi mmoja akifa wiki inayofuata jina lako limeshaharibika kijiji kizima. Kata mchana, mbele ya mwenyewe na majirani wakiwepo ndo vizuri zaidi. Mzee atakuuliza tu.

"Mwanangu, manyoya ya mbuzi wangu unayapeleka wapi?"

"Shikamoo mzee. Yanaenda maabara, kuangalia kama mbuzi wana upungufu wa madini. Majibu yakija nitakuletea karatasi mwenyewe, na haya yanayobaki chini haya hapa, chukua uyachome."

Mkabidhi yale mabaki kweli, usiyatupe njiani. Bahasha mwandikie namba aione, na nakala ya orodha abaki nayo. Kwa wafugaji wa ng'ombe, Wasukuma, Wamang'ati na Wamasai waliohamia Lindi tangu miaka ile ya kutolewa bonde la Ihefu huko Mbeya, ongea na mwenye boma, usimalizane na kijana aliyeko machungani.

Kukata sasa

Mnyama awe mkavu. Sio asubuhi na umande, sio baada ya mvua, sio jua la saa saba jasho linatiririka. Jioni kabla hawajalala kwenye mavi au asubuhi jua likishakausha, hapo pazuri. Mbuzi mtu mmoja amshike kifuani na kidevuni, amuegemeze kwenye ukuta wa miti, sio wa bati. Bati limepakwa zinki, na mbuzi anayejisugua kwenye bati kila siku ubavu wake tayari una shida, ndo maana ubavu hatuutumii. Ng'ombe mtie kwenye kibanio cha ng'ombe au mfunge kichwa na mtu amshike mkia.

Sehemu: mgongoni juu ya mabega, pale ambapo hajilambi kirahisi, mkojo haufiki na halalii. Wote sehemu hiyo hiyo. Tumboni, mapajani, miguuni, shingoni palipofungwa kengele au mnyororo, hapana. Beberu aangaliwe zaidi maana anajikojolea ndevu, kifua na miguu ya mbele.

Pitisha kitana kutoa vumbi na majani. Usioshe kwa sabuni, usipake spiriti kwenye manyoya, kuosha ni kazi ya maabara na ukiosha wewe unaweza kutoa hata madini ya ndani. Kama tope limeganda mpaka kwenye ngozi mwache huyo, chukua mwingine. Na vumbi jekundu la uwanda wa juu wa Wamakonde ni chuma na aluminiamu, kwa hiyo chuma kikija juu sana kwenye majibu ya Newala usishtuke, ni udongo.

Futa mkasi kwa spiriti, suuza kwa maji ya betri, ukauke. Vaa glovu. Tenga fungu dogo la manyoya, lishike kwa vidole viwili upande wa nje, kata karibu kabisa na ngozi bila kugusa ngozi. Kama ni marefu baki na zile sentimita 2 mpaka 4 za karibu na ngozi, nje ya hapo kata utupe, ile ncha ni ya zamani na imeshapigwa jua, mvua na kila vumbi la njia. Rudia mafungu madogo madogo kwenye eneo la kama kiganja mpaka gramu zitimie. Usinyofoe. Wanaotaka vinyweleo na mizizi yake ni wale wa vinasaba, sisi mzizi hatuutaki, una damu na ngozi.

Manyoya yasiguse ardhi. Yakianguka yameanguka, hata kama ni fungu zuri. Kutoka kidoleni moja kwa moja kwenye bahasha iliyokwisha kuandikwa. Kunja mdomo wa bahasha mara mbili, usiulambe gundi. Futa mkasi tena kabla ya mnyama mwingine, glovu ubadilishe.

Singa za mkia wa ng'ombe

Kwa ng'ombe mkia una faida yake. Singa zinaota kama sentimita 2 kwa mwezi, kidogo juu kidogo chini, kwa hiyo singa ya sentimita 20 imebeba karibu miezi kumi, kiangazi na masika yote humo. Unaweza kumwambia maabara waikate vipande vipande uone shaba ilianza kushuka lini, kabla ya salfa au baada. Kata singa kiasi cha unene wa penseli, karibu na ngozi, na kabla hujaachia funga kwa uzi wa pamba upande wa ngozi, andika kwenye bahasha "uzi = upande wa ngozi". Usipofunga zikageukana huko ndani hakuna anayeweza kuzipanga tena. Tatizo la mkia ni mavi na mkojo, chagua singa za juu kidogo, sio zile za mwisho zinazofagia.

Njia ya kunyoa na kusubiri

Hii ndo ninayoipenda kuliko zote na ndo inayotufaa sisi wa salfa na vumbi. Nyoa eneo la mraba kama sentimita 10 kwa 10 begani, manyoya yale tupa (mkabidhi mwenyewe, kumbuka), andika tarehe. Subiri miezi miwili mpaka mitatu, kata yaliyoota hapo tu. Sasa una manyoya unayoyajua umri wake, hayajawahi kuona vumbi la mwaka jana, na yanaeleza kipindi kimoja ulichokichagua wewe. Mbuzi anaota polepole, anaweza kuhitaji eneo kubwa zaidi ili gramu zitimie, nyoa mabega yote mawili. Ukinyoa mwanzoni mwa Oktoba salfa imekwisha, ukakata Desemba kabla njia za vijijini hazijaharibika na mvua, umepata kipindi kizuri. Ukitaka kujua madhara ya salfa yenyewe nyoa Juni ukate Septemba, ila hapo vumbi litakuwepo, kwa hiyo wazima wa kulinganisha wawe wa shamba hilo hilo.

Bahasha na karatasi

Kwenye bahasha andika kabla hujaweka kitu: namba ya mnyama, tarehe, rangi ya manyoya, sehemu ya mwili. Kwenye daftari andika mengine yote: kijiji, jinsi, umri, dalili, anakula wapi, maji ya kisima, bwawa au mto, analamba chumvi gani, mara ya mwisho dawa ya minyoo na ya kupe na majina yake, salfa ilipulizwa lini, kuna kiwanda cha saruji au barabara ya vumbi jirani. Mtaalamu anayesoma majibu bila hii karatasi anabahatisha, hata awe profesa.

Pamoja na manyoya peleka majani wanayokula, yakatwe kwa urefu wanaoula wenyewe, yakaushwe kivulini kwenye karatasi, na chumvi au jiwe wanalolamba, kipande. Maji kwenye chupa safi kama mgodi au mashamba ya chumvi yapo karibu. Damu akitoa daktari wa mifugo amwambie kabisa ni ya madini, kuna chupa zake maalum zenye kifuniko cha bluu iliyokolea, zile za kawaida vifuniko vyake vinatoa zinki.

Bahasha zote ziweke kwenye boksi la karatasi, sehemu kavu, mbali na mbolea, saruji, dawa na betri. Hazihitaji baridi. Zikikaa wiki hazidhuriki. Ukituma kwa basi usikubali zikae kwenye buti na ndoo za samaki, mpe kondakta mkononi, na boksi lifunge kwa selotepu.

Majibu yakija

Yatakuwa kwa mg/kg (miligramu kwa kilo), wengine wanaandika ppm, ni kitu kimoja. Kwanza linganisha wagonjwa na wazima wako, halafu ndo uangalie namba za vitabuni. Kwa ng'ombe shaba ikiwa chini ya 8 wataalamu wanaanza kushuku upungufu, chini ya 4 wanashuku sana. Zinki kwa kawaida inakuwa mia na kitu. Seleniamu ikizidi 5 hiyo ni ishara ya sumu ya muda mrefu, angalia na kwato kama zinapasuka na singa kama zinanyofoka. Wagonjwa na wazima wakiwa sawa kabisa, basi ugonjwa wako pengine sio madini, rudi kwenye minyoo na ndorobo. Na aluminiamu na chuma vikiwa juu kwa wote kwa pamoja, sampuli ilikuwa na udongo, namba nyingine zote zisome kwa mashaka.

Usikimbilie duka la dawa za mifugo kununua sindano ya shaba. Kondoo hasa, kondoo anakufa kwa shaba kidogo ambayo ng'ombe haisikii, macho yanakuwa ya njano, mkojo unakuwa mweusi, kwisha. Hata jiwe la chumvi la ng'ombe lenye shaba ukiliacha kondoo walambe kila siku ni hatari. Dozi apange daktari akiwa na majibu ya manyoya, majani na ikiwezekana ini.

Na siku hiyo hiyo mnapoanza kuwapa hiyo chumvi ya madini, nyoa ule mraba wa begani upya, kwa wale wale uliowapima mwanzo. Manyoya ya zamani hayawezi kubadilika hata ukiwapa madini ya gunia zima, yanayoota kuanzia siku hiyo ndo yatakayokwambia kama dawa imefika mwilini, kwa hiyo tarehe iandike kwenye daftari, subiri miezi mitatu, kata, peleka maabara ile ile.